Nimekariri tiba zote, lakini kisa cha mgonjwa kinaniangusha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa naturopathia. Masomo ya darasani nimeyamaliza, mazoezi ya kliniki pia, na kilichobaki ni mtihani wa leseni. Wengi wakisikia naturopathia hufikiria mitishamba peke yake, lakini tunasomeshwa mengi: lishe, tiba ya maji, mitishamba, kuchua na kunyoosha viungo, mazoezi ya mwili, homeopathia, na chini ya hayo yote anatomia, fiziolojia, magonjwa na namna ya kusoma majibu ya maabara.

Kila tiba nimeiandikia daftari lake. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza kazi za magnesiamu mwilini, au jinsi ya kumkanda mgonjwa kwa kupokezanisha maji ya moto na ya baridi, nitakutajia bila kusita. Tatizo ni kwamba kwenye mitihani ya majaribio maswali hayaji hivyo. Anakuja mtu. Ana umri huu, analalamika hivi, anatumia dawa hizi, vipimo vyake vimetoka hivi, halafu naulizwa hatua inayofuata ni ipi. Kati ya majibu ninayopewa, mawili au matatu huwa naona yote ni sawa. Nachagua tiba nzuri kabisa, kisha naambiwa nimekosa, jibu lilikuwa kumpa rufaa ya haraka, au kumwachisha mmea fulani kabla ya lolote. Wenzangu wananishauri nirudie madaftari. Nimerudia mpaka karatasi zimelegea, na alama hazipandi.

Jambo la pili ni homeopathia, ile tiba ya dawa zilizozimuliwa mara nyingi mno. Kemia niliipenda tangu zamani, na kila nikiifikia sura hiyo moyo wangu unakataa. Mtihani una maswali yake. Nikijibu kama kitabu kinavyotaka, si nitakuwa nasema nisichokiamini?

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mama yangu mkubwa, aliyenilea tangu utotoni, ana kisukari aina ya 2 na presha. Anatumia metformini na glibenklamidi, pamoja na kidonge cha presha chenye haidroklorothiazidi. Siku hizi miguu inamfa ganzi. Anasema amechoka na vidonge, na kwa kuwa "mtoto wetu sasa ni daktari wa tiba asilia", anataka nimsimamie afunge kula siku kadhaa ili asafishe damu, niwe namloweka miguu kwenye maji ya moto usiku, na nimpimie chai ya urukususu (mzizi mtamu uitwao pia licorice) ambayo rafiki yake ameisifia sana. Nikimkatalia ataona nimemdharau. Nikikubali naogopa, ila siwezi kueleza sawasawa naogopa nini, kwa sababu tiba zote tatu zimo kwenye madaftari yangu na kila moja ina ukurasa mzima wa faida.

Na mwisho, Shangazi: niahirishe mtihani?

Mwanao, mtahiniwa

* * *

Marahaba mwanangu.

Umemweka mama mkubwa wa tatu, mimi namweka wa kwanza, kwa sababu mtihani unaweza kungoja na yeye anaweza kuumia wiki hii. Usimfungishe. Usimloweke miguu kwenye maji ya moto. Chai hiyo aiache kabisa. Sababu zake nitakueleza moja baada ya nyingine, kwa sababu humo humo ndimo mlimo jibu la swali lako la kwanza.

Tuanze na kufunga. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na nguvu yake hudumu karibu siku nzima. Mama mkubwa akikaa bila chakula, insulini itaendelea kutoka na sukari itashuka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, na mwisho kupoteza fahamu. Kwa mtu mwenye umri mkubwa hatari inazidi, maana figo zikishachoka dawa huchelewa kutoka mwilini, na kushuka huko kwa sukari kunaweza kujirudia hata baada ya kuonekana amepata nafuu. Metformini peke yake ni nadra kuleta hali hiyo. Kwa hiyo ukisoma kwenye karatasi ya mtihani kwamba mgonjwa wa kisukari anataka kufunga, usikimbilie kutaja faida za kufunga wala madhara yake kwa jumla. Tafuta kwanza jina la dawa. Wapo wenye kisukari wanaofunga salama, lakini ni baada ya daktari wao kupanga upya dozi na saa za kumeza. Kupanga dozi za mtu mwingine si kazi yako, na hata ukipata leseni, mahali pengi haitakuwa kazi yako.

Miguu. Ganzi kwa mtu mwenye kisukari ni ishara kwamba huenda mishipa ya fahamu imeanza kuharibika, na mguu wa namna hiyo haupigi kelele ukiungua. Anauingiza kwenye maji, anaona yako sawa, anautoa umetoka malengelenge. Kama na damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi, wadudu wanaingia, na wapo waliopoteza mguu kwa kuanzia hapo. Najua daftari lako linasema kuloweka miguu kwenye maji ya moto kunasaidia kichwa kinachouma na kifua kilichobana, kwa kuivuta damu ishuke chini. Sawa. Lakini maneno mawili tu, "miguu ganzi", yanaufuta ukurasa huo wote kwa mgonjwa huyu.

Urukususu ndio mtego mzuri kuliko yote, na watungaji wa mitihani wanaupenda kweli. Ndani yake mna glisirizini, ambayo huzuia kimeng'enya cha kwenye figo kinachoidhibiti homoni ya kotisoli. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, kotisoli huanza kufanya kazi ya homoni nyingine, aldosteroni: mwili unashikilia chumvi na maji, unapoteza potasiamu, na presha inapanda. Sasa mkumbuke mama mkubwa na kidonge chake. Haidroklorothiazidi nayo hutoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Ukiziweka pamoja, potasiamu inaweza kushuka hadi misuli ikalegea na mapigo ya moyo yakavurugika, na wakati huo huo kidonge cha presha kinashindana na chai inayoipandisha. Angekuwa anatumia na digoksini ya moyo, ingekuwa balaa zaidi, kwa sababu potasiamu ikiwa chini digoksini hugeuka sumu kwa urahisi.

Umeona kilichotokea? Tiba tatu, zote zina mahali pake, zote zimeanguka mbele ya mtu mmoja. Madaftari yako umeyapanga kwa tiba. Mtihani umepangwa kwa mgonjwa. Ndiyo maana kuyarudia hakuongezi alama: unazidi kuijua barabara isiyofika unakokwenda.

Kabla sijaendelea, kuna jambo jingine kwenye kisa cha mama mkubwa ambalo nataka ulione, maana linaonyesha namna unavyoweza kumsaidia hata leo bila leseni. Metformini ikitumika kwa miaka, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 wenyewe huleta ganzi ya miguu. Yaani ganzi ile inaweza kuwa ya kisukari, inaweza kuwa ya B12, inaweza kuwa ya vyote viwili, na kipimo cha damu kinaweza kusaidia kutofautisha. Basi msindikize kwa daktari wake. Ombeni miguu ikaguliwe, B12 ipimwe, figo na potasiamu ziangaliwe, na aulizwe kama glibenklamidi bado ndiyo dawa inayomfaa kwa umri wake. Mwambie daktari wazi kwamba amechoka na wingi wa vidonge. Hilo ni lalamiko halali, na mara nyingi lina ufumbuzi.

Namna ya kumwambia mwenyewe: usimwendee na hotuba. Mwambie, "Mama, nimeshika vitabu vyangu nikatafuta haya uliyoniomba, nikakuta yanagombana na dawa unazotumia. Ila nimeona kitu kingine kuhusu ganzi ya miguu ambacho nataka tukaulize pamoja." Yote ni kweli, na heshima yake iko palepale. Anataka uwe na mchango kwenye afya yake. Mpe mchango huo. Mnaweza kutembea pamoja baada ya chakula, ukamkagulia nyayo kila jioni kwa sababu yeye mwenyewe huenda asizione vizuri, mkaangalia sahani yake mkishirikiana na anayemtibu. Na hapa nasema kwa uzito wote: hata utakapopata leseni, usiwe mtabibu wa aliyekulea. Utaogopa kumuuliza maswali ya aibu, naye ataogopa kukuambia kwamba ameacha dawa.

Sasa mtihani wenyewe.

Kila nchi ina utaratibu wake, nyingine hazina kabisa, lakini ukiangalia zenye mtihani utaona jicho lao liko mahali pamoja. Ujerumani wana leseni ya Heilpraktiker, yaani mtabibu wa tiba asilia asiye daktari, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1939. Mtihani wa maandishi una maswali 60, unatakiwa kupata 45, kisha unaingia kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Mtu akitarajia kuulizwa mitishamba na tiba ya maji anashangaa: sehemu kubwa ni magonjwa, dharura, maambukizi, na mipaka ya kisheria ya kile anachoruhusiwa kutibu. Wanachotaka kujua ni kama mtu huyu akifungua mlango wake atakuwa hatari kwa afya ya watu. Marekani na Kanada wana NPLEX, yenye sehemu mbili, ya kwanza sayansi za msingi za tiba na ya pili ya kliniki, na hiyo ya pili imejengwa juu ya visa vya wagonjwa. Huko tiba zinaulizwa kwa kina, ila zinaulizwa zikiwa mikononi mwa mtu fulani mwenye umri, mimba, figo na kopo la vidonge.

Kwa hiyo yafumue madaftari yako. Chukua kila tiba, na badala ya kuanza na faida zake, anza na swali: nani hatakiwi kupewa hii? Maji ya moto yatakupa mwenye ganzi, mjamzito hasa wa miezi ya mwanzo, mwenye moyo uliochoka sana, na mwenye ugonjwa wa skilerosi ya neva (multiple sclerosis), ambaye joto la mwili likipanda dalili zake huzidi kwa muda, macho yakafifia na miguu ikakosa nguvu. Maji baridi yatakupa mtu ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kisha bluu akishika kitu cha baridi, na yule anayevimba mwili kwa baridi. Kunyoosha shingo kutakupa mwenye baridi yabisi ya siku nyingi, kwa sababu kano zinazoshika pingili mbili za juu zinaweza kuwa zimelegea, na mtu ambaye maumivu ya shingo yamemwanza ghafla pamoja na kizunguzungu au kuona vitu viwili viwili, maana huenda mshipa wa damu wa shingoni umechanika na kiharusi kiko njiani. Huyu wa mwisho hata kumgusa shingo usimguse. Orodha hizi ni fupi kuliko orodha za faida, ndizo zenye alama nyingi, na ndizo utakazozihitaji ukiwa peke yako na mgonjwa.

Mitishamba na virutubisho nakuomba uvisome kwa uangalifu kuliko tiba nyingine yoyote, kwa sababu huko ndiko watu wanakofikiri kitu kikiwa cha asili hakidhuru. Chukua Hypericum perforatum, mmea unaotumika kwa huzuni ya wastani na ambao kweli una ushahidi wa kusaidia. Huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao baada ya kuanza kutumia mmea huo kiwango cha siklosporini, dawa inayozuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa, kilishuka kwenye damu na mwili ukaanza kuukataa moyo mpya. Kwa njia hiyo hiyo mmea huu hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ukiuchanganya na dawa za kutibu huzuni zinazoongeza serotonini, tatizo ni jingine: serotonini inazidi, mgonjwa anatetemeka, anapata homa, anachanganyikiwa. Mmea mmoja umekupa maswali manne au matano ya mtihani, na ukiuelewa huo utaanza kuuliza swali sahihi kwa mimea mingine yote: unapitia wapi mwilini, na nani mwingine anapitia hapo?

Kuna na ile ya Ubelgiji ambayo naona kila mwanafunzi wa mitishamba angeijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza mwili jijini Brussels walianza kuharibikiwa figo mmoja baada ya mwingine. Mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umewekwa mahali pa mwingine, na uliowekwa ulikuwa wa jamii ya Aristolochia. Waathirika walipita 100, wengi wakaishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Majina ya kisayansi yanayokuchosha kukariri yapo kwa sababu ya mambo kama haya.

Virutubisho navyo vina ya kwao. Kalsiamu ikimezwa pamoja na levothairoksini, dawa ya tezi ya thairoidi, huizuia isifyonzwe, kwa hiyo zitenganishwe kwa saa nne hivi. Vitamini A nyingi kwa mjamzito huharibu mtoto. Vitamini B6 ikitumika kwa dozi kubwa kwa muda mrefu huleta ganzi ile ile ambayo watu huimezea kuitibu. Bayotini nyingi inaweza kupotosha majibu ya vipimo vya thairoidi, na hata kile cha troponini kinachotafuta shambulio la moyo. Hayo ni mambo madogo kuyasoma na makubwa kuyakosa.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani ndilo linalokuangusha zaidi, ingawa hukulitaja. Mmefundishwa kuanza na tiba laini kabisa, kuondoa kinachozuia mwili usipone, kisha kupanda polepole kwenye tiba zenye nguvu. Ni kanuni nzuri na naipenda. Lakini inamfanya mtahiniwa akiona majibu manne achague lililo laini kuliko yote, hata pale mgonjwa anapohitaji gari la wagonjwa. Fikiria mwanaume wa miaka 67, kichwa kimeanza kumuuma wiki hizi na hakuwahi kuwa na tatizo hilo, akichana nywele ngozi ya kichwa inauma, akitafuna taya linachoka, na jana jicho moja lilififia kidogo. Majibu: magnesiamu, kuchuliwa shingo, kuandika kila anachokula atafute kinachomdhuru, au rufaa ya leo leo. Dalili hizo ni za kuvimba kwa mishipa ya damu ya kichwa, na asipopewa dawa za steroidi haraka anaweza kupofuka asione tena. Kanuni ya upole haifutwi hapa. Kwa mtu huyu, kuyaokoa macho yake ndio upole wenyewe.

Kwa hiyo kila kisa ukisome kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza, je, kuna dalili ya hatari inayotaka hospitali sasa hivi? Kama ipo, umemaliza, usiangalie majibu mengine. Kama haipo, anatumia nini, ana mimba, figo na ini vikoje? Baada ya hapo ndipo uulize tiba ipi. Watahiniwa wengi huanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo walilolisomea kwa mapenzi, na kusema kweli siwalaumu.

Kuhusu kusoma kwenyewe: acha kurudia kusoma, anza kujiuliza. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Waliorudia kuisoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Ule wepesi unaouhisi ukifungua daftari lililolegea karatasi ni wa dakika tano. Funga daftari, chukua karatasi tupu, mwandike mama mkubwa pale juu, kisha andika yote unayoyakumbuka yanayomhusu. Kesho mbadilishie dawa moja uone nini kinabadilika. Mwondolee glibenklamidi umpe insulini. Mwondolee kidonge kile cha presha umpe cha aina ya lisinopril, kinachoelekea kuipandisha potasiamu badala ya kuishusha, halafu ujiulize kama bado ungempa kirutubisho cha potasiamu. Kisa kimoja ukikigeuza hivyo kitakufundisha kuliko sura nzima.

Visa hutavikosa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu mafunzo ya naturopathia unataka saa zisizopungua 1500, na kati yake 400 ziwe za kliniki chini ya usimamizi. Wewe umeshapita huko. Wakumbuke wagonjwa wale, uwaandike bila majina, na kwa kila mmoja jiulize ni nini msimamizi wako alikiuliza ambacho wewe hukukiuliza.

Historia ya naturopathia ipitie haraka. Priessnitz na maji yake baridi, padre Kneipp, Benedict Lust aliyeyapeleka Marekani: jioni moja inatosha.

Nimefika kwenye homeopathia. Swali lako ni la dhamiri, kwa hiyo nalijibu kwa dhamiri. Moyo wako haukosei. Hahnemann, mwanzilishi wa homeopathia, alitoa wazo lake mwaka 1796, kabla watu hawajajua kuhesabu molekuli. Dawa ya 30C ni kitu kilichozimuliwa moja kwa mia, kisha tena moja kwa mia, mara thelathini, na ukifika karibu na mara ya 12 uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya kile cha mwanzo unakuwa mdogo sana. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia ushahidi na kuhitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kuwa homeopathia inaufaa. Mimi nakubaliana nao.

Lakini kujibu swali la mtihani si kula kiapo. Ukiulizwa mfumo fulani unasema nini, unasema mfumo unasema nini. Mwanafunzi wa historia akieleza imani za watu wa kale hajazikubali. Na lisome vizuri, kwa sababu wagonjwa watakuja nalo, na utahitaji kulijua ili uweze kuzungumza nao bila kuwakejeli. Dhamiri yako itapimwa baadaye, mgonjwa atakapokuuliza uso kwa uso, "Hii inafanya kazi?" Hapo ndipo usiseme usichokiamini. Na asikudanganye mtu kwamba haidhuru chochote: mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa akipewa chembe za sukari usiku kucha, kinachomdhuru ni ule usiku uliopotea.

Kuhusu kuahirisha, usiamue kwa hofu. Tafuta visa ambavyo hujawahi kuviona, vijibu kwa saa ya mtihani, halafu makosa yako uyatenge mafungu mawili. Fungu moja ni la mambo ambayo hukuyajua kabisa. Lingine ni la yale uliyoyajua lakini uliruka dawa au dalili ya hatari ukakimbilia tiba. Fungu la kwanza likiwa kubwa, muda kidogo wa kusoma utalipunguza, nenda tu. La pili likiwa bado kubwa baada ya wiki kadhaa za kusoma kwa utaratibu huu, ahirisha bila kuona haya, kwa sababu makosa ya aina hiyo utayahamishia kliniki.

Leo hii, kabla hujagusa daftari lolote, mpigie mama mkubwa. Mwambie asiache kidonge hata kimoja mpaka mwonane na daktari, na umuulize kama chai ile ameshaanza kuinywa. Kama ameshaanza, na anasikia misuli kulegea au moyo kwenda mbio, msingoje siku ya miadi, nendeni leo. Majibu ya B12 yakitoka, niandikie.

Shangazi